Homa Haisubiri Kikao

Kuna maneno ambayo baadhi ya watendaji wakiisha kuyatamka hujiona wametimiza wajibu wao wote. Maneno yenyewe ni haya: "Suala hilo linashughulikiwa." Barabara ikikatika, linashughulikiwa. Madawati yakipungua, linashughulikiwa. Mwananchi hunung'unika, hupita njia ya panya, huketi sakafuni, na maisha huendelea. Lakini kwa mtoto mchanga mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, hakuna nafasi ya kunung'unika wala njia ya panya. Homa ikimshika asubuhi, na wote waliomzunguka wakawa hawajui la kufanya, aweza kuwa maiti kabla ya jua kuzama.

Hayo si maneno ya kutishana. Ni habari ya kiungo kimoja kidogo kilicho upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu, nacho ni bandama, au wengu kama wengine wanavyoiita. Bandama ni chujio na ni mlinzi. Damu hupita humo polepole, chembe nyekundu zilizozeeka zikaondolewa, na vijidudu vilivyojipenyeza katika damu vikakamatwa. Wapo bakteria wenye gamba la utelezi, ambao askari wengine wa mwili hushindwa kuwashika vizuri. Hao ndio hasa wanaoihofu bandama. Wakubwa wao ni bakteria wa nimonia ambao wataalamu huwaita nimokokasi, wale wa aina ya Hib, na wale wa homa ya uti wa mgongo.

Sasa, katika mwili wa mtoto mwenye selimundu, chembe nyekundu zikikosa oksijeni hupinda zikawa kama mundu na kuziba mishipa midogo. Bandama, kwa kuwa damu hupita humo polepole na oksijeni ni haba, huwa miongoni mwa viungo vya kwanza kuumia. Katika miezi ya mwanzo mtoto hukingwa na aina ya himoglobini aliyotoka nayo tumboni mwa mamaye. Kinga hiyo hupungua, na kuanzia mwezi wa 5 au wa 6 bandama huanza kushindwa kazi. Afikapo umri wa miaka 5, watoto walio wengi huwa wamebakiwa na kovu tu mahali palipokuwa na kiungo.

Mwaka 1969 daktari wa Kimarekani, Howard Pearson, pamoja na wenzake, walieleza jambo lililowashangaza wengi: kwamba bandama ya mtoto wa selimundu yaweza kuwa imevimba, inashikika kwa mkono, na bado isifanye kazi yoyote. Jengo lipo, bango lipo, mlango uko wazi, lakini ndani hakuna mtu. Watumishi wa serikali hawatashindwa kuuelewa mfano huo.

Mlinzi akiwa hayupo, bakteria wachache walioingia kwa njia ya pua au koo hupata uwanja mtupu. Huzaana katika damu kwa kasi ambayo mwili wa mtoto hauiwezi. Kwanza homa, kisha kutapika, kisha mtoto anakuwa mlegevu na baridi mikononi na miguuni, kisha shinikizo la damu linaanguka. Safari hiyo yote yaweza kuchukua saa chache. Kwa mtoto mwenye bandama nzima, homa ni jambo la kuangaliwa. Kwa huyu, homa yenyewe ndiyo dharura, na yatakiwa adungwe dawa ya kuua bakteria kwanza, majibu ya maabara yafuate baadaye.

Kwa miaka mingi hoja moja ilizunguka katika vikao vya wataalamu, nayo ni kwamba nimokokasi ni tatizo la watoto wa selimundu wa Marekani na Uingereza, na kwamba katika Afrika hawaonekani sana. Ilikuwa hoja yenye kufaa mno kwa wale wasiotaka kutumia fedha. Kutoonekana kwenyewe kulitokana na nini? Mtoto aliyefia nyumbani hakutolewa damu. Mtoto aliyefia zahanati isiyo na maabara hakutolewa damu. Aliyefika hospitali akiwa tayari amekunywa dawa za dukani, damu yake haikuotesha kitu. Kisha mtu akafungua daftari, akaona pametupu, akaandika kwamba tatizo halipo! Huko ndiko kutumia umaskini wa mtu kuwa ushahidi dhidi yake.

Waliokata mzizi wa hoja hiyo ni watafiti wa Kilifi, katika pwani ya Kenya. Walipitia kumbukumbu za watoto waliolazwa huko kuanzia 1998 hadi 2008, na mwaka 2009 wakatangaza waliyoyaona. Watoto 1,749 walikutwa na bakteria katika damu, na 108 kati yao walikuwa na selimundu. Wakilinganishwa na watoto wengine wa sehemu ile ile, uwezekano wao wa kupatwa na maambukizi ya damu ulikuwa mkubwa zaidi ya mara 26. Na bakteria aliyeongoza alikuwa nani? Nimokokasi huyo huyo aliyedaiwa kuwa haonekani Afrika, akiwa na asilimia 41. Nyuma yake walifuata salmonela na Hib. Kilifi si New York. Ni kaunti ya wakulima na wavuvi, yenye mbu, minazi na umaskini kama wa Tanga au Lindi.

Kinga yake je? Hapo ndipo palipo na aibu. Katika Marekani madaktari wa vituo 23, wakiongozwa na Dakta Marilyn Gaston, waliwagawa watoto wadogo 215 wenye selimundu katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa kidonge cha penisilini cha miligramu 125 mara mbili kwa siku, na jingine kidonge tupu kisicho na dawa. Waliopewa kidonge tupu walikuwa 110, na 13 kati yao walipata maambukizi mazito, 3 wakafa. Waliopewa penisilini walikuwa 105, wakaugua 2, na hakufa hata mmoja. Majaribio yakasimamishwa miezi 8 kabla ya muda wake, kwa sababu isingekuwa halali kuendelea kuwanyima dawa wale wa kundi la pili. Taarifa ilichapishwa mwaka 1986. Mwaka uliofuata jopo la wataalamu wa huko likapendekeza kila mtoto mchanga apimwe selimundu anapozaliwa, ili penisilini ianze mapema.

Penisilini! Dawa iliyogunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928, iliyo miongoni mwa dawa za bei ndogo kabisa katika ghala lolote la dawa duniani. Haihitaji jokofu la fahari, haihitaji mtaalamu kutoka nje, na haina siri ya kiwanda inayolindwa na mabepari. Hesabu ya miaka iliyopita tangu 1986, kila mwalimu aweza kuifanya ubaoni mbele ya wanafunzi wake.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya Marekani ni ya Marekani. Na watazame Jamaica basi, kisiwa kisicho tajiri. Kuanzia 1973 hadi 1981 watoto wachanga 100,000 walipimwa mjini Kingston, na wale waliokutwa na ugonjwa wakafuatwa tangu kuzaliwa, kazi iliyoongozwa na Dakta Graham Serjeant. Huko ndiko akina mama walikofundishwa kuipapasa bandama ya mtoto kwa vidole, kila siku, wakati wa kumwogesha. Maana bandama hiyo, kabla ya kusinyaa, ina hila nyingine: yaweza kuvimba ghafla na kuimeza damu ya mtoto, akapauka na kufa kabla hajafikishwa popote. Mama akiisikia imeshuka chini ya mbavu kuliko jana, anambeba mtoto na kukimbia hospitali. Vifo vya namna hiyo vikapungua. Vidole vya mama vilitosha kwa kazi hiyo. Yeyote anayedhani kwamba mwanamke wa kijijini hawezi kufundishwa jambo hilo anaisema vibaya elimu yake mwenyewe.

Katika Tanzania, makadirio yanayotumiwa na wataalamu ni kwamba watoto kati ya 11,000 na 14,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka. Nchi hii ni miongoni mwa zile zenye mzigo mkubwa kabisa duniani. Sababu yake si laana wala mzimu. Anthony Allison, mwanasayansi aliyelelewa Kenya na kufanya utafiti katika Afrika Mashariki, alionyesha mwaka 1954 kwamba mtu aliyerithi vinasaba hivyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Penye malaria nyingi ya tangu kale, ndipo vinasaba hivyo vilipoongezeka. Mtoto anayeumwa ni yule aliyerithi kutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Pande zote mbili, hiyo ni kwa faida ya wale wanaume ambao bado huwarudisha wake zao kwao kwa kosa la "kuzaa watoto wagonjwa".

Utafiti mmoja wa Kanda ya Ziwa wafaa usomwe na kila mtu mwenye madaraka ya kupanga bajeti. Watafiti walichukua sampuli 17,200 za damu iliyokaushwa kwenye karatasi, ambayo tayari ilikuwa imekusanywa vituoni na kupelekwa Bugando, Mwanza, kwa ajili ya kupima virusi vya UKIMWI kwa watoto wachanga. Wakaipima tena kutafuta selimundu. Asilimia 20.3 walikuwa wamerithi kwa mzazi mmoja, na asilimia 1.2 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Damu ile ile, karatasi ile ile, gari lile lile. Safari ya sampuli kutoka kijijini hadi maabara, ambayo huambiwa haiwezekani kwa sababu ya gharama, ilikuwa ikifanyika kila wiki.

Muhimbili nako kazi ya kupigiwa mfano ilianza mwaka 2004, chini ya Dakta Julie Makani na wenzake, ya kuwaandikisha wagonjwa na kuwafuatilia. Taarifa yao ya mwaka 2011 juu ya wagonjwa 1,725 ilionyesha kwamba, kwa kila wagonjwa 100 wanaofuatiliwa kwa mwaka, walikuwa wakifa 1.9. Lakini kwa walio chini ya miaka 5, vifo vilikuwa 7.3. Na hawa ni wale waliofika! Ni watoto waliokuwa wametambuliwa, wenye kadi, wenye kliniki katika hospitali ya taifa. Yule aliyekufa Nkasi au Liwale akiwa na miezi 9, na cheti chake, kama alikuwa na cheti, kikaandikwa "malaria", hayumo katika hesabu hiyo wala nyingine yoyote.

Hiyo ndiyo siri ya jambo hili lote. Penisilini yatakiwa ianze kabla bandama haijazimika, yaani kabla ya mwisho wa mwezi wa 3. Mtoto asiyepimwa anapozaliwa hatajulikana kwa wakati. Atajulikana vidole vitakapovimba, au atakapopauka, au hatajulikana kabisa. Upimaji wa majaribio umefanyika Dar es Salaam na Mwanza na umefaulu, na walioufanya wanastahili kushukuriwa, lakini haujafika katika kila wodi ya wazazi. Tone moja la damu kutoka kisigino cha mtoto ndilo linalokwama.

Linakwama wapi? Si katika elimu ya madaktari, maana wanajua. Linakwama katika ule ugonjwa wa kupenda mambo makubwa. Mwezi Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba ya kurekebisha vinasaba vya selimundu, yenye bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mwaka huo huo hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye ugonjwa huu, na hiyo ni fahari ya kweli kwa madaktari wazalendo. Hakuna mwenye akili atakayeipinga. Lakini mtoto aliyekufa akiwa na miezi 14 hapandikizwi uloto. Anayetaka kuwa na wagonjwa wa kuwatibu kwa mitambo hana budi kwanza kuwaweka hai kwa vidonge. Kamera za televisheni huzifuata zaidi sherehe za kuzindua mitambo. Hakuna aliyewahi kukata utepe mbele ya chupa ya penisilini.

Kisha kuna tarehe 19 Juni, siku ya selimundu duniani. Fulana huchapwa, hotuba husomwa, maandamano hupita mjini, na jioni watu hurudi nyumbani wakiwa wameridhika. Mama mwenye mtoto mgonjwa hupewa nafasi ya kutoa ushuhuda, analia, anapigiwa makofi. Tarehe 20 anakwenda kwenye dirisha la dawa.

Utetezi mwingine ni wa chanjo. Kweli, nchi hii ilifanya vyema kuingiza chanjo ya Hib mwaka 2009 na ile ya nimonia tangu mwaka 2013, na kila mtoto anastahili kuzipata bure. Zimeokoa wengi, wenye selimundu na wasio nayo. Lakini nimokokasi ana aina nyingi, na chanjo haizigusi zote, na salmonela haihusiki nayo hata kidogo. Wala penisilini ya kinywa si ngao dhidi ya salmonela. Kwa hiyo chanjo haiondoi kidonge, na kidonge hakiondoi ulazima wa kuiogopa homa. Wengine hutaja usugu wa dawa. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo sababu vipimo vya maabara vinatakiwa. Hata hivyo inashangaza kusikia hofu ya usugu ikielekezwa kwa mtoto mwenye haki ya dawa, katika miji ambamo viuavijasumu huuzwa madukani kama pipi kwa kila mwenye mafua.

Katika zahanati nyingi homa humaanisha kipimo cha malaria. Kikionyesha malaria, mtoto hupewa dawa ya malaria, basi. Kisipoonyesha, hupewa panadol na kuambiwa arudi kesho. Kwa mtoto wa kawaida utaratibu huo huenda ukapita. Kwa mtoto asiye na bandama, "kesho" ni neno la hatari, na hata malaria ikionekana haimaanishi kwamba bakteria hawamo. Kadi ya kliniki ya mtoto huyo ingefaa iwe na alama nyekundu juu, ili muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye hajawahi kumwona, asihitaji kuuliza maswali. Gharama ya alama hiyo ni kalamu.

Vijijini bado wapo waganga wanaowachanja chale watoto ubavuni "kuikata bandama". Ni rahisi kuwacheka. Ila mganga huyo angalau alimpokea mgonjwa siku aliyokwenda, akamgusa tumbo, akajua kwamba ubaya uko kwenye bandama. Kituo cha serikali kikimwambia mama "njoo Jumatatu", kitalaumu nini anapokwenda kwa mganga Jumamosi?

Walimu nao wana fungu lao. Hatari hupungua mtoto akikua lakini haiishi, na wengi wao wapo madarasani. Ndiye yule mwenye macho ya njano, mwembamba, anayekosa shule mara mbili kwa mwezi, ambaye daftari la mahudhurio humwita mtoro na mwalimu wa michezo humwita mvivu. Huyo akisema saa nne asubuhi kwamba ana homa, kumwambia alaze kichwa juu ya dawati mpaka kengele ya mwisho ni kosa ambalo kesho yake haliwezi kurekebishwa kwa rambirambi. Mwalimu mkuu anayejua idadi ya viti vilivyovunjika shuleni kwake, na asijue ni wanafunzi gani wenye selimundu na namba za simu za wazazi wao, amekosea mpangilio wa kumbukumbu.

Wasisahauliwe pia wale waliopoteza bandama kwa kisu cha daktari baada ya ajali, ambao katika zama hizi za pikipiki hawapungui. Tangu mwaka 1952 madaktari wa Kimarekani King na Shumacker walikwisha kueleza habari za watoto wachanga 5 waliokatwa bandama, na maambukizi mazito yaliyowapata baadaye. Kijana wa bodaboda anaposhonwa na kuruhusiwa kwenda zake, ana haki ya kuambiwa kwa Kiswahili chepesi kwamba kiungo fulani hana tena, kwamba anahitaji chanjo, na kwamba homa yake si homa ya jirani yake.

Kila halmashauri hukaa kupanga makadirio ya mwaka. Humo huwamo posho za vikao, mafuta ya magari, semina na chai. Madiwani, na watumishi wanaowaandalia makabrasha, wanaweza kuuliza mambo mawili tu katika kikao kijacho: karatasi za kuchukulia damu za watoto wachanga wa wilaya hii ziko ukurasa wa ngapi, na penisilini ya watoto wenye selimundu, ya miezi 12 bila kukatika, iko mstari wa ngapi. Mstari huo ukikosekana, jina la aliyeuacha liandikwe katika kumbukumbu za kikao.